Namna ya Kuyafanya Matumizi Yako Yafuate Tunu Zako: Mwongozo Kamili

Mtu akiulizwa ni mambo gani anayoyathamini maishani, mara nyingi hujibu bila kusita: familia, afya, elimu, imani, uhuru wa kutodaiwa. Akifungua kumbukumbu za matumizi yake ya miezi mitatu, picha inayojitokeza huwa nyingine kabisa, na si kwa sababu alikuwa anadanganya. Tunu hizo anazo kweli, ila hazijawahi kupewa kiasi wala tarehe, ilhali kila bidhaa anayokutana nayo ina bei iliyoandikwa na muuzaji anayesubiri. Jambo lisilo na kiasi likishindana na jambo lenye bei, fedha huenda penye bei. Kazi inayoelezwa hapa ni ya kuzipa tunu zako kiasi, tarehe na mahali pa kukaa kabla fedha haijafika mkononi, na inaanzia kwenye kumbukumbu, kwa kuwa bila kumbukumbu yote yanayofuata hubaki kuwa nia njema tu.

Tenga jioni mbili zisizo na haraka kwa hatua tatu za mwanzo. Kama unaishi na mwenzi mnayechangia matumizi, kila mmoja aifanye hatua ya pili peke yake kabla ya kukaa pamoja.

Hatua ya kwanza: kusanya kumbukumbu bila kupiga jumla

Chukua taarifa za akaunti zako zote za miezi mitatu iliyopita: za benki, za fedha za kwenye simu, za kadi, pamoja na risiti zozote ulizohifadhi. Mwezi mmoja hautoshi, kwa sababu kila mwezi una kisingizio chake. Huu ulikuwa na ugonjwa, ule ulikuwa na safari, na mtu hujiambia kwamba hali yake ya kawaida itaonekana mwezi ujao. Kisha ongeza yale yanayolipwa mara moja au mbili kwa mwaka, kama vile bima, ada za masomo, leseni na matengenezo makubwa, uyajumlishe kwa mwaka mzima, uyagawanye kwa 12 na kuingiza sehemu hiyo katika kila mwezi. Wengi huyaita malipo haya dharura, ingawa yanarudi kila mwaka kwa tarehe ileile.

Fedha taslimu ndiyo sehemu ngumu. Taarifa ya akaunti itakuonyesha kwamba ulitoa kiasi fulani, lakini haitakuambia kilikwenda wapi, na ukijaribu kukumbuka ya miezi miwili nyuma utajaza mapengo kwa mambo yanayokupendeza. Kwa kipindi kilichopita andika tu "taslimu, haijulikani", halafu kwa wiki nne zijazo andika kila kinachotoka, jioni ya siku hiyohiyo, hata kiwe kidogo namna gani. Utaratibu huu una historia ndefu: mwaka 1904 mwandishi wa habari Hani Motoko alichapisha nchini Japani daftari la hesabu za nyumbani, na namna hiyo ya kutunza hesabu, iitwayo kakeibo, ingali inatumika mpaka leo. Zipo programu za simu zinazopanga matumizi zenyewe, nazo zinapunguza kazi, lakini kwa mwezi wa kwanza ninashauri kalamu na daftari. Lengo la mwanzo ni kukilazimisha kila kiasi kipite mbele ya macho yako, na jedwali linalojipanga lenyewe hukuondolea hilo.

Usipige jumla bado. Mtu aliyekwisha kuona kwamba anatumia fedha nyingi kwa mavazi huanza, bila kujua, kuchagua tunu zinazoyatetea mavazi hayo. Atasema anathamini heshima au umaridadi, na hatajua kamwe kama alivithamini kabla ya kuona hesabu au baada yake. Kwa hiyo funga daftari na uende kwenye hatua ya pili.

Hatua ya pili: andika tunu zako na uzipange kwa uzito

Usianze na orodha ya kila jambo jema. Hakuna anayepinga amani, uaminifu au afya, na orodha yenye mambo ishirini haiwezi kuongoza uamuzi wowote. Mwanasaikolojia wa Marekani Milton Rokeach, katika kazi yake ya mwaka 1973, aliwapa watu tunu 36 katika mafungu mawili: 18 zinazohusu hali ambayo mtu anataka kuifikia, kama usalama wa familia na uhuru, na 18 zinazohusu mwenendo, kama uaminifu na ujasiri. Hakuwauliza kama wanazipenda. Aliwataka wazipange, ya kwanza hadi ya mwisho, katika kila fungu. Kupanga ndiko kunakouma, na ndiko kunakotoa jibu, kwa kuwa kila unayoipandisha juu unaishusha nyingine.

Andika basi tunu zisizozidi tano na uzipange kwa uzito. Kisha geuza kila moja kutoka neno moja kuwa sentensi yenye kitendo. Neno "familia" halikwambii chochote kuhusu fedha. Sentensi "ninataka wazazi wangu wazeeke bila kuhangaikia matibabu" inakuambia mengi, na ni tofauti kabisa na "ninataka kuwa nyumbani watoto wanaporudi kutoka shuleni", ambayo pengine inahitaji saa chache za kazi na kipato kidogo zaidi. Watu wawili wanaweza kuandika neno lilelile la familia huku mmoja anahitaji fedha zaidi na mwingine anahitaji muda zaidi. Usipofika kwenye sentensi, mpango wote utajengwa juu ya neno ambalo kila siku litakuwa na maana inayokufaa siku hiyo.

Jaribu kila sentensi kwa maswali mawili. La kwanza: ni lini mara ya mwisho niliacha kitu nilichokitaka kwa ajili ya jambo hili? Kama huna jibu hata moja, huenda hiyo ni tunu unayotamani kuwa nayo. Iache kwenye karatasi, lakini weka alama pembeni, kwa sababu itahitaji msaada mkubwa zaidi kuliko nyingine. La pili: kama hakuna mtu hata mmoja ambaye angejua kwamba ninalifanya, je, ningeendelea kulifanya? Swali hili linatenga tunu ulizoazima kwa wengine. Si vibaya kuwa na tunu ulizorithi kwa wazazi au kwa jamii, na nyingi kati ya hizo ndizo bora tulizo nazo. Kinachotakiwa ni kujua kwamba umezipokea kwa hiari.

Utagundua pia kwamba baadhi ya tunu zako zinavutana. Hilo ni jambo la kawaida. Shalom Schwartz, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1992, alizipanga tunu za binadamu katika aina kumi kwenye duara, ambapo zilizo jirani husaidiana na zinazotazamana hukinzana: shauku ya mambo mapya na kujiamulia hukaa upande mmoja, usalama na kufuata desturi hukaa upande wa pili. Mtu anayethamini kusafiri na pia anathamini akiba nene hana kasoro ya tabia. Ana tunu mbili zinazodai fedha ileile, na ni lazima aamue, kwa mwaka huu, ipi itangulie. Andika uamuzi huo waziwazi, kwa mfano: "mpaka deni litakapokwisha, akiba hutangulia safari".

Hatua ya tatu: weka alama kwenye kila mstari

Sasa rudi kwenye kumbukumbu zako. Miongozo mingi humtaka mtu agawanye matumizi kati ya mahitaji na matamanio. Sishauri kuanzia hapo, kwa sababu mgawanyo huo humfanya mtu aone haya kwa kila kinachompa furaha na asihoji kamwe kile anachokiita hitaji. Tumia alama nne badala yake. Andika namba ya tunu pale ambapo matumizi yanaitumikia tunu mojawapo uliyoiandika. Andika L kwa yaliyo ya lazima ili uishi na uweze kufanya kazi. Andika M kwa mazoea, yaani yale unayoyalipia kwa kuwa uliwahi kuyalipia. Andika W kwa yale uliyoyafanya kwa ajili ya macho ya watu.

Alama ya L ndiyo inayodanganya zaidi. Makazi ni lazima, lakini si kila chumba cha nyumba yako ni cha lazima. Usafiri ni lazima, lakini namna yake ni chaguo. Pale unapoweza, gawa mstari mmoja mara mbili: kiasi ambacho kingetosha kwa hitaji lenyewe kipate L, na ziada ipate alama yake ya kweli. Ziada hiyo inaweza kuwa halali kabisa. Anayelipa kodi kubwa zaidi ili aishi karibu na kazi na apate saa mbili zaidi na wanawe, ziada yake ina namba ya tunu. Anayelipa ziada hiyohiyo kwa sababu mtaa ule una jina, naye aandike W bila kujionea aibu. Karatasi hii haitasomwa na mwingine.

Mfano mmoja utaonyesha jinsi kazi inavyokwenda. Tuchukue kaya yenye tunu tatu, kwa mpangilio huu: kuondokana na madeni, kujifunza, na kuwa karibu na wazazi. Katika kila 100 ya mapato yake, 30 huenda kwenye kodi ya nyumba, 22 kwenye chakula, 14 kwenye marejesho ya mkopo, 12 kwenye usafiri, 6 kwa ndugu, 5 kwenye mavazi, 4 kwenye malipo yanayojirudia kila mwezi, na 7 haijulikani. Kwa haraka mtu angesema tatizo ni ile 7 isiyojulikana na ile 5 ya mavazi, na angeanza kujibana huko. Lakini uliza mkopo ulikuwa wa nini. Ulikuwa wa gari, lililonunuliwa kuchukua nafasi ya jingine lililokuwa bado likitembea. Ukiunganisha 14 ya marejesho na 12 ya usafiri, ambayo karibu yote ni mafuta, bima na matengenezo ya gari hilohilo, unakuta kwamba gari linachukua 26 katika kila 100, zaidi ya chakula cha kaya nzima, na kwamba lilikuwa limejificha kwa kukaa katika mafungu mawili tofauti. Tunu ya pili, kujifunza, haina hata mstari mmoja.

Hesabu inaishia hapo, na hukumu inaanza. Kama gari hilo ndilo linalowafikisha kwa wazazi wazee kila wiki, mahali ambapo hakuna usafiri mwingine, sehemu ya ile 26 ni ya tunu ya tatu, na swali linakuwa kama gari la bei ndogo lisingefanya kazi hiyohiyo. Kama linakwenda kazini na kurudi tu, kwenye njia yenye usafiri wa umma, basi tunu ya kwanza na ya pili zinaligharimia jambo ambalo halimo kabisa kwenye orodha. Kumbukumbu ileile inaweza kuwa na maana mbili zinazopingana, ndiyo maana mtu wa nje hawezi kukusomea matumizi yako akakwambia wapi pa kukata. Jambo ninaloliona kuwa la jumla ni hili: kutolingana kukubwa hukaa mara nyingi zaidi katika maamuzi machache makubwa yaliyofanywa mara moja zamani, kuliko katika vitu vidogo vya kila siku ambavyo watu hujilaumu navyo.

Hatua ya nne: fahamu kinachoyapotosha matumizi

Kabla ya kubadilisha chochote, tafuta sababu. Mistari yenye alama ya M mara nyingi inatokana na kuzoea. Mwaka 1971 Philip Brickman na Donald Campbell walieleza jinsi binadamu anavyozoea hali bora na kurejea kwenye kiwango chake cha kawaida cha kuridhika, hata akahitaji nyongeza nyingine ili ahisi tofauti. Kwa hiyo pitia kila malipo yanayojirudia na ujiulize kama ungejiunga leo endapo ungekuwa hujajiunga. Jibu likiwa hapana, sitisha siku hiyohiyo. Ukiahirisha, malipo mengine yatakatwa kabla hujakumbuka.

Mistari yenye W mara nyingi huja kwa mnyororo. Mwanafalsafa wa Ufaransa Denis Diderot aliandika mwaka 1769 kuhusu joho jipya la nyumbani alilolipata, ambalo uzuri wake ulifanya kila kitu chumbani kionekane duni, naye akabadilisha kimoja baada ya kingine. Ukiona kwenye kumbukumbu zako kundi la manunuzi ya karibu karibu, tafuta la kwanza. Huenda hilo la kwanza lilikuwa na namba ya tunu, na mengine yote hayana.

Namna ya kulipa nayo ina nguvu yake. Mwaka 2001 Drazen Prelec na Duncan Simester walichapisha matokeo ya majaribio yaliyoonyesha kwamba watu huwa tayari kulipa kiasi kikubwa zaidi kwa kitu kilekile wanapotumia kadi ya mkopo kuliko wanapotumia taslimu. Kama mistari yako yenye M na W imekusanyika kwenye njia moja ya malipo, ondoa njia hiyo mahali inapokusubiri, yaani namba ya kadi iliyohifadhiwa kwenye programu za manunuzi na ruhusa ya kulipa kwa mguso mmoja.

Hatua ya tano: ipe kila tunu kiasi, tarehe na mahali

Hii ndiyo hatua inayobeba uzito wote, na ndiyo inayorukwa zaidi, kwa sababu baada ya kuona hesabu mtu huhisi amekwisha kubadilika. Chukua sentensi ya tunu yako ya kwanza na uandike chini yake mambo matatu: kiasi gani kitaitumikia kila mwezi, tarehe gani kitaondoka, na kitakaa wapi mpaka kitumike. Kisha fanya vivyo hivyo kwa tunu zinazofuata. Kwa tunu ya pili ya kaya ya mfano wetu, ile isiyokuwa na mstari, ingeandikwa hivi: "Kujifunza: 3 katika kila 100, siku mbili baada ya mshahara kuingia, katika akaunti ya pekee ambayo haina kadi." Kiasi kidogo kinachoondoka kila mwezi kina faida kubwa kuliko kiasi kikubwa kinachongoja mwezi mzuri. Agiza benki ikate yenyewe kama inawezekana, ili tunu yako isihitaji ushujaa mpya kila mwezi.

Tarehe iwe mwanzoni. Kinachobaki mwisho wa mwezi si kipimo cha unachothamini; ni mabaki, na kwa kawaida hayabaki. Kutenganisha mahali pa kuwekea fedha kunasaidia kwa sababu iliyoelezwa vizuri na mchumi Richard Thaler, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017: watu hawaichukulii fedha yote kuwa moja, bali huigawa akilini katika mafungu, na hulionea uchungu zaidi fungu lenye jina. Ipe akaunti au bahasha jina la sentensi yako. Ni vigumu zaidi kuchota kwenye fungu linaloitwa "matibabu ya mama" kuliko kwenye fungu linaloitwa "akiba".

Kama huna pa kukata sasa, amua kuhusu nyongeza ijayo. Thaler na Shlomo Benartzi walieleza mwaka 2004 mpango ambao wafanyakazi walikubali mapema kwamba kila mshahara utakapopanda, sehemu ya nyongeza itakwenda moja kwa moja kwenye akiba. Katika kampuni ya kwanza kuutumia, waliojiunga walipandisha kiwango chao cha akiba kutoka asilimia 3.5 hadi asilimia 13.6 ya mshahara katika miezi 40, bila kupunguziwa fedha waliyokwisha kuizoea. Andika leo kwamba nusu ya nyongeza yoyote itakwenda kwenye tunu ya kwanza. Uamuzi huo ni mwepesi sasa, fedha ikiwa bado haijafika, na utakuwa mzito siku itakapoingia.

Acha pia fungu la raha lisilohitaji maelezo. Mpango usio na nafasi ya starehe huvunjika mapema, na ukivunjika huvunjika wote. Kiasi chake kikishajulikana, matumizi ndani yake hayahitaji alama wala kujitetea.

Hatua ya sita: zungumza na wanaoguswa na mpango wako

Wenzi wakutane kila mmoja akiwa na orodha yake iliyopangwa, na waanze kwa kusomeana sentensi, si hesabu. Ugomvi mwingi wa fedha nyumbani ni ugomvi wa tunu uliovaa namba: mmoja anaona ubahili mahali ambapo mwenzake anaona usalama, na mmoja anaona ufujaji mahali ambapo mwenzake anaona ukarimu. Mkishajua kila mmoja analinda nini, tengenezeni mafungu matatu, la pamoja kwa tunu mnazokubaliana, na moja la kila mtu ambalo mwenzake halihoji. Msilazimishe orodha mbili ziwe moja.

Maombi ya ndugu na marafiki yanahitaji uamuzi wa mapema kuliko matumizi mengine yote, kwa kuwa yanakuja ghafla na yanagusa moyo. Kama kusaidia ni mojawapo ya tunu zako, lipe fungu lake la kila mwezi, na uwe mkarimu ndani ya fungu hilo bila manung'uniko. Utafiti wa Elizabeth Dunn, Lara Aknin na Michael Norton, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba kutumia fedha kwa ajili ya wengine kunaongeza furaha ya mtoaji, kwa hiyo usilihesabu fungu hili kama hasara. Likiisha, unaweza kusema ukweli kwa maneno ya heshima: "Ndugu yangu, nilichotenga kwa mwezi huu kimekwisha, mwezi ujao nitakukumbuka." Msaada unaotolewa kwa kukopa huligeuza tatizo la mtu mmoja kuwa la wawili.

Hatua ya saba: tengeneza kanuni za mahali pa kununulia

Mpango unavunjwa mbele ya bidhaa, kwa hiyo kanuni zake ziwe fupi na ziamuliwe kabla. Peter Gollwitzer, katika makala yake ya mwaka 1999, alionyesha kwamba nia hutekelezwa zaidi inapoandikwa kwa umbo la "ikitokea hivi, nitafanya hivi". Andika mbili au tatu za namna hiyo. "Nikitaka kitu ambacho hakikuwa kwenye orodha na bei yake inazidi kipato changu cha siku moja, nitakiandika na kusubiri siku saba." "Nikialikwa kwenye jambo la gharama, nitajibu kesho yake." Baada ya siku saba, kisome ulichoandika na uulize kinatumikia sentensi ipi. Kikiwa nayo, kinunue kwa moyo mweupe. Kusubiri hakukusudiwi kukuadhibu.

Kwa baadhi ya watu tunu inahusu pia wanayenunua kwake. Hili lina historia ya heshima: mwaka 1791, Bunge la Uingereza lilipokataa muswada wa kukomesha biashara ya watumwa, familia nyingi nchini humo ziliacha kutumia sukari iliyozalishwa na watumwa. Ukiwa na tunu ya namna hii, chagua eneo moja au mawili ambamo utalipa zaidi kwa ajili ya dhamiri yako na uyafanye kwa uthabiti, kwa maana anayetaka kuchunguza asili ya kila anachonunua huchoka na kuacha vyote.

Kipato kikiwa hakitoshi, au madeni yakiwa mazito

Mapato yote yanapomezwa na mistari yenye L, hatua hizi hazikusudii kukulaumu, na hakuna upangaji wa tunu utakaoziba pengo la kipato. Hata hivyo hatua ya pili bado ina kazi, kwa sababu tunu nyingi zinaweza kutumikiwa kwa muda na kwa uangalifu kabla ya fedha, na kwa sababu inakuonyesha fedha ya ziada ya kwanza itakapopatikana iende wapi. Anza na akiba ndogo ya dharura, hata kama inajengwa polepole mno, kwani bila hiyo kila ajali ndogo itakurudisha kwenye mkopo.

Kwa mwenye madeni, yaorodheshe yote pamoja na riba ya kila moja, lipa kiwango cha chini kinachotakiwa kwa yote, na kila cha ziada kielekeze kwenye lenye riba kubwa zaidi mpaka liishe, kisha lifuate lingine. Mstari wa marejesho hauna haja ya namba ya tunu. Unalipia uamuzi wa jana. Usikope tena kwa ajili ya tunu yoyote katika kipindi hicho, hata iliyo bora, isipokuwa jambo lenyewe linahusu uhai.

Mapitio

Kila mwezi, siku moja kabla ya mapato kuingia, tumia nusu saa kuangalia mambo matatu tu: kama viasi vya tunu viliondoka kwa tarehe yake, mstari upi umeongezeka bila uamuzi, na kama "haijulikani" imepungua. Usitafute ukamilifu. Kama kiasi cha tunu fulani hakikuondoka miezi mitatu mfululizo, tatizo haliko kwenye nidhamu yako peke yake. Ama kiasi ni kikubwa kuliko uwezo wako, na hapo kipunguze mpaka kiweze kuondoka. Ama tunu hiyo haiko mahali ulipoiweka kwenye orodha, na hapo ishushe bila kujitesa.

Mara moja kwa mwaka, na pia kila maisha yanapobadilika kwa ndoa, mtoto, msiba, kazi mpya au kustaafu, rudia hatua ya pili kwenye karatasi mpya bila kuitazama ya zamani. Ukimaliza, ziweke sambamba. Sentensi iliyotoweka kwenye karatasi mpya pengine bado ina fedha inayokatwa kwa ajili yake, kwa mfano mchango wa kikundi ambacho hukihudhurii tena au ada ya masomo uliyokwisha kuyaacha. Funga malipo hayo kwanza, kisha uhamishie kiasi kilekile, kwa tarehe ileile, kwenye sentensi iliyoingia badala yake.